Dhahabu Iliyogeuka Nyekundu: Chembe za Nano Katika Tiba, Viwanda na Kilimo

Mazungumzo haya yanahusu chembe za nano, yaani vipande vya maada vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na nanomita 100, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Yameelekezwa Iguguno kwa makusudi, mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Shelui na Nzega, kwa sababu elimu hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni mali ya maabara za Ulaya, Marekani na Asia, na kana kwamba itafika vijijini siku moja isiyojulikana. Ukweli ni kwamba imekwisha kufika. Imo katika chumba cha vipimo vya malaria, imo katika magurudumu ya malori yanayopita hapo usiku na mchana, na huenda ikaingia shambani ikiwa katika chupa kabla mkulima hajapata nafasi ya kuuliza swali. Kwa hiyo jambo linalostahili kujadiliwa ni matumizi yapi yamethibitishwa, yapi bado ni ahadi, na ni nani anayepaswa kuyapima.

Ukubwa wenyewe ni mgumu kuufikiria. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000, na kirusi cha UKIMWI kina nanomita 120, maana yake hata kirusi hicho ni kikubwa kidogo kuliko chembe zinazozungumzwa hapa. Hata hivyo udogo huo usingekuwa na faida yoyote kama usingebadili tabia ya maada, na mabadiliko ya kwanza yanatokana na uso. Mchemraba wenye sentimita 1 kila upande una nyuso zenye jumla ya sentimita za mraba 6 tu; lakini ukikatwakatwa hadi kila kipande kiwe na nanomita 1 kila upande, bila kuongeza wala kupunguza hata gramu moja, jumla ya nyuso za vipande hivyo hufikia mita za mraba 6,000, ambazo ni karibu ekari moja na nusu ya shamba. Kwa kuwa mambo mengi ya kikemia, kama kunasa, kuyeyuka, kushika kutu na kuchochea mabadiliko, hutendeka kwenye uso wa kitu wala si ndani yake, kitu kilichosagwa hadi kiwango hicho hupata nguvu ambayo bonge lake halikuwa nayo. Badiliko la pili linahusu mwanga, na mfano wake bora ni dhahabu.

Dhahabu ya mkufu au ya pete ni ya manjano, na hubaki ya manjano hata ikisagwa kuwa unga. Ikifikishwa kwenye ukubwa wa nanomita 40 hivi na kuelea ndani ya maji, hugeuka nyekundu kama juisi ya rosela. Sababu ni kwamba elektroni zilizo kwenye uso wa chembe ndogo namna hiyo hutikisika kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, zikameza sehemu ya kijani ya mwanga huo na kuacha nyekundu ipite. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1857, baada ya kutengeneza maji mekundu ya dhahabu jijini London, na alieleza kwamba rangi ile ilitokana na udogo wa chembe ambazo hadubini za wakati wake hazikuweza kuzionyesha. Kwa miaka mingi ugunduzi huo ulibaki kitu cha kustaajabisha tu, usio na kazi kubwa.

Leo kazi yake inaonekana katika kila kituo cha tiba kinachotumia kipimo cha haraka cha malaria, ambacho watumishi wa afya wa Tanzania hukiita MRDT. Mhudumu hutoboa ncha ya kidole cha mgonjwa, huchukua tone la damu la maikrolita 5 hivi, hulitia katika kishimo cha kikasha cha plastiki, hudondosha matone ya maji maalumu katika kishimo cha pili, kisha husubiri kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo, ambazo kwa kawaida ni 15 hadi 20. Ndani ya kikasha hicho kuna utepe wa karatasi maalumu ambao mwanzoni mwake zimekaushwa chembe za nano za dhahabu zilizovikwa kingamwili, yaani protini zinazotambua kitu kimoja tu na kukishika. Damu ikiwa na protini inayotolewa na vimelea vya Plasmodium falciparum, protini hiyo hushikwa na kingamwili zilizo juu ya dhahabu, mchanganyiko wote husafiri kwenye utepe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na unapofika mahali palipoandikwa T hunaswa na safu nyingine ya kingamwili zilizobandikwa hapo. Chembe za dhahabu zikirundikana kwa wingi mahali pamoja, jicho huona mstari mwekundu. Mstari wa C, ambao unapaswa kutokea hata kwa mtu asiye na ugonjwa, huthibitisha kwamba dhahabu imesafiri hadi mwisho. Usipotokea, kipimo chote hutupwa na kurudiwa.

Mzazi wa Iguguno anayeonyeshwa mistari miwili kwenye kipimo cha mtoto wake, kwa hiyo, anaitazama dhahabu. Jambo hili lina ladha yake ya pekee katika eneo hilo, kwa kuwa ukiifuata barabara ileile kuelekea Shelui unakaribia Sekenke, ambako Wajerumani waligundua dhahabu mwaka 1907 na kufungua mgodi mwaka 1909, na ambako ilitoka dhahabu iliyotumika mwaka 1916 kutengenezea huko Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, wakati koloni lao lilipokuwa limezingirwa na vita. Sarafu moja ya namna hiyo, kama ingesagwa kwa kipimo cha nano, ingetosha vikasha vya malaria vingi mno, kwa sababu kila utepe huhitaji dhahabu kidogo sana isiyoweza kupimwa kwa mizani ya sonara. Ndiyo maana kipimo chenye madini ya thamani ndani yake hutupwa kwenye taka bila mtu kujuta.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na mhudumu mzoefu anaifahamu. Protini inayotafutwa na vikasha vingi huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mstari wa T kwa mtu aliyemaliza dawa karibuni si uthibitisho kwamba dawa imeshindwa. Zaidi ya hayo, dhahabu haiharibiki, lakini kingamwili zilizobebwa juu yake huharibika kwa joto, na maboksi yanayoachwa juani au kwenye stoo yenye paa la bati lisilo na dari yanaweza kutoa majibu ya uongo huku tarehe ya mwisho ya matumizi ikiwa bado. Hapo udhaifu wa teknolojia hii haupo katika nano yenyewe. Upo katika namna ya kutunza.

Utepe wa dhahabu hautumiki kwa malaria peke yake. Vipimo vya mimba, vipimo vingi vya haraka vya VVU na vya UVIKO-19 hufuata njia hiyohiyo, na kwa mkoa wa Singida, unaolima mahindi na karanga, upo utepe mwingine unaostahili kujulikana zaidi, nao ni ule wa kupimia sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote miwili inapakana na Singida, na mwaka 2004 iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 walioorodheshwa mashariki mwa Kenya. Molekuli ya sumukuvu ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja, na kwa hiyo utepe wake husomwa kinyume: sumu ikiwamo, huzuia dhahabu isinaswe kwenye mstari wa T, na mstari hufifia au hupotea; mstari ukijitokeza sawasawa, nafaka ni salama kwa kiwango kilichopimwa. Mtu aliyezoea MRDT akipewa utepe huu bila maelezo atasoma habari njema kuwa mbaya na mbaya kuwa njema, na hilo ni jambo la kufundishwa katika vyama vya msingi vya wakulima kabla vipimo hivyo havijagawiwa.

Upande wa dawa, chembe za nano hutumika hasa kama chombo cha kubebea. Amfoterisini B, dawa ya zamani na kali ya kuua fangasi, huumiza figo inapotolewa katika hali yake ya kawaida. Lakini ikifungwa ndani ya liposomu, yaani kiputo cha mafuta chenye kipenyo kisichofika nanomita 100, mgonjwa huweza kupewa kipimo kikubwa kwa mara moja na madhara yakapungua. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa hiyo, ikifuatiwa na vidonge vya dawa nyingine mbili kwa wiki mbili, haikuwa duni kuliko sindano za kila siku za wiki nzima katika kutibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi kwa watu wanaoishi na VVU, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo. Dawa hiyohiyo ya kiputo hutumika kutibu kala-azar, ugonjwa unaosumbua wafugaji wa Pokot na Turkana nchini Kenya na wa Karamoja nchini Uganda.

Chanjo nazo zimechukua mkondo huo. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilifanikiwa kwa sababu maelekezo ya kijenetiki yaliyomo ndani yake, ambayo huvunjika upesi yakiachwa wazi, yalifungwa katika chembe za mafuta zenye ukubwa wa nanomita 100 hivi. Bila chembe hizo, kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman iliyowapatia Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2023 isingefika kwenye bega la mtu yeyote. Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, chanjo yenye uzito zaidi ni ya malaria. R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, imeundwa kwa chembe za protini zinazojikusanya zenyewe kuwa duara dogo lisilo na kirusi ndani, huku vipande vya protini ya kimelea cha malaria vikiwa vimejitokeza nje kwa wingi ili kinga ya mwili ivione vizuri. Nayo huchanganywa na kichocheo kinachotokana na magome ya mti wa Chile, ambacho pia kimo katika umbo la chembe za nano. Majaribio yake ya mwisho yaliwahusisha watoto wapatao 4,800 katika nchi nne, Bagamoyo ikiwa kituo cha Tanzania chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara na Kilifi kikiwa kituo cha Kenya, na katika maeneo ambayo malaria hudumu mwaka mzima ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika miezi 12 ya kwanza. Uganda ilianza kuitoa chanjo hiyo kwa watoto wake Aprili 2025.

Viwandani habari ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani, na inaweza kupitiwa kwa haraka. Weusi wa tairi la lori unatokana na masizi maalumu ya kaboni, ambayo chembe zake za msingi ni za kipimo cha nano, yanayochanganywa na mpira kwa zaidi ya miaka mia moja sasa ili usilike upesi. Mpira usio na masizi hayo ni wa rangi hafifu na hauwezi kustahimili mteremko wa Sekenke kwa muda mrefu. Losheni za kukinga jua, ambazo kwa watu wenye ualbino ni hitaji la kila siku, huweza kutumia zinki oksidi ya kipimo cha nano kwa sababu ikiwa katika chembe kubwa huacha uso mweupe kama uliopakwa chokaa. Viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta ya alizeti, zao ambalo Singida inajivunia, hutumia udongo wa mfinyanzi uliotiwa asidi, wenye tabaka za unene wa nanomita 1 hivi, ili kunasa rangi na uchafu ambao kitambaa cha kuchujia cha mashine ndogo za mtaani hakiwezi kuushika. Wala chembe za nano hazihitaji kiwanda ili zizaliwe: moshi wa koroboi na wa jiko la kuni umejaa chembe hizo, ambazo huteremka hadi mwisho wa mapafu, na mama anayepika ndani ya jiko lisilo na dirisha hupokea nyingi kuliko mfanyakazi wa maabara yoyote ya nano.

Kilimo ndicho uwanja wenye ahadi nyingi na ushahidi haba. Mfano unaofundisha zaidi umetoka India, ambako chama kikubwa cha ushirika wa mbolea, IFFCO, kilianza mwaka 2021 kuuza urea ya nano ya maji, kikidai kwamba chupa moja ya mililita 500 inayonyunyiziwa kwenye majani inaweza kuchukua nafasi ya mfuko mmoja wa kilo 45 wa urea ya kawaida. Hesabu ya darasa la saba inatosha kuleta mashaka. Mfuko wa kilo 45 una asilimia 46 ya naitrojeni, sawa na kilo 20 na ushee. Chupa ile, iliyoelezwa kuwa na asilimia 4 ya naitrojeni, ina gramu 20 hivi. Tofauti ni ya mara elfu moja. Mmea hujenga protini zake kwa naitrojeni halisi inayoweza kupimwa kwa kilo, na udogo wa chembe, hata uwe na maajabu gani, hauzai naitrojeni ambayo haikuwamo kwenye chupa. Wanasayansi wa mimea wa Denmark, Max Frank na Søren Husted, walilieleza jambo hili kwa maandishi mwaka 2023, wakisema kwamba madai hayo hayakuwa na msingi wa kisayansi unaoyatosha na kwamba wakulima wangeweza kupata hasara ya mavuno.

Njia nyingine inaonekana kuwa na akili zaidi. Watafiti wa Sri Lanka waliifunga urea kwenye chembe za nano za haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo ndiyo yanayojenga mifupa na meno, ili urea iachiliwe polepole badala ya kuyeyuka yote kwa mvua ya kwanza. Katika majaribio ya mpunga waliyoyachapisha mwaka 2017, walipata mavuno mazuri kwa kutumia nusu ya urea iliyozoeleka. Hapa madai hayavunji sheria ya hesabu, kwa kuwa lengo ni kuzuia naitrojeni isipotee, na inajulikana kwamba sehemu kubwa ya urea inayomwagwa juu ya ardhi hupotea hewani au huteremka chini ya mizizi. Tanzania inayo malighafi ya kufikiria jambo hili, maana fosfeti ya Minjingu mkoani Manyara ni madini ya ukoo huohuo wa apataiti, yaliyotokana na mifupa ya ndege wa majini waliokufa kando ya ziwa la kale kubwa kuliko Ziwa Manyara la sasa. Lakini mpunga wa Sri Lanka si alizeti wala mtama wa Mkalama, mvua za huko si za msimu mmoja mfupi, na mkulima anayeletewa chupa yenye neno nano ana haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kufungua pochi: kuna gramu ngapi za kirutubisho ndani yake, na majaribio yalifanyika kwenye udongo wa wapi. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania ipo kwa kazi ya kusajili mbolea, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo kwa viuatilifu. Muuzaji asiyeweza kuonyesha usajili hana sababu ya kusikilizwa zaidi.

Apataiti hiyohiyo ndiyo inayolipeleka suala hili kwenye maji, na hapo ndipo faida ya chembe za nano kwa Iguguno inaweza kuwa kubwa kuliko kwingine kote. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo maji ya ardhini katika sehemu zake huwa na floraidi nyingi, kwa sababu maji hukaa muda mrefu katika miamba ya matale na ya volkeno iliyo karibu na Bonde la Ufa yakiyeyusha madini yake. Shirika la Afya Duniani huweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo mbadala, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4 kabla ya kukishusha kiwango chake hadi 1.5. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi katika miaka ambayo meno ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi, huchukua mahali pa sehemu nyingine ya apataiti, ikaharibu mpangilio wake, na meno yakaota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa au kupinda. Maji si chanzo pekee, kwani magadi yanayotumika kulainishia maharage na mlenda yameonekana katika tafiti za Tanzania kuwa na floraidi nyingi, na familia inaweza kuwa na kisima kizuri huku chungu chake kikiongeza kilichoepukwa.

Dawa ya kienyeji ya tatizo hilo, ikiwa neno hilo linafaa kwa jambo lililofanyiwa utafiti wa muda mrefu katika kituo cha serikali cha Ngurdoto karibu na Arusha, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa ndogo, husagwa kuwa punje, na maji hupitishwa humo. Apataiti ya mfupa, ambayo kwa asili imejengwa kwa fuwele za kipimo cha nano, huinasa floraidi kwa mbinu ileile ambayo jino la mtoto lingeinasa. Mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa hubeba mzigo badala ya jino la mtoto aliye hai. Mifupa ikichomwa vibaya maji hunuka na watu huyakataa, na hii ndiyo sababu ufundi wa tanuri una maana sawa na kemia yake.

Hatua iliyofuata ilifanywa na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Hilonga alizaliwa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, ng'ambo ya Ziwa Eyasi kwa mtu anayetazama kutoka Mkalama, na akasomea teknolojia ya nano hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini. Aliporudi alitengeneza chujio linalounganisha mchanga, ambao huzuia uchafu na vijidudu kwa namna iliyojulikana tangu zamani, na malighafi za nano zinazonasa floraidi, metali nzito na kemikali nyingine. Mwaka 2015 chujio hilo lilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ikiwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, pamoja na pauni 25,000. Ubora wa kazi hiyo kwa kiasi kikubwa umo katika wazo kwamba chujio hutengenezwa kulingana na maji ya mahali husika: eneo lenye floraidi hupata mchanganyiko wake, na eneo lenye vijidudu au mabaki ya viuatilifu hupata mwingine. Bei yake wakati huo ilitajwa kuwa dola 130, ambayo kaya nyingi za vijijini haziwezi kuitoa kwa mkupuo, na kwa hiyo mpango ulioendana nayo ni wa mjasiriamali mmoja kukodi chujio na kuwauzia majirani maji yaliyochujwa kwa ndoo.

Tahadhari zinazohusu chembe za nano hazipaswi kuachwa kwa watu wenye hofu peke yao. Umoja wa Ulaya uliondoa titani dioksidi katika vyakula mwaka 2022, baada ya wataalamu wake kueleza kwamba uwezekano wa chembe zake kudhuru vinasaba haukuweza kuondolewa. Fedha ya nano inayowekwa katika baadhi ya machujio na vitambaa ili kuua bakteria haichagui bakteria. Ikimwagwa shambani inaweza kuua pia wale wanaorutubisha udongo. Chembe zilizogandishwa ndani ya tairi au zilizobandikwa kwenye utepe wa kipimo hazina hatari sawa na zile zinazoelea hewani kama vumbi, na sheria yoyote itakayotungwa bila kutofautisha hali hizo mbili itakuwa imepoteza lengo kabla haijaanza kutumika.

Kwa upande wa maji, swali la kiutendaji ni dogo na ni zito. Floraidi haina rangi, haina harufu wala ladha, na mkaa wa mifupa au malighafi ya nano iliyokwisha kujaa huendelea kutoa maji meupe, baridi na matamu kama siku ya kwanza, huku floraidi yote ikipita. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kikiamua kufunga chujio la namna hiyo katika kijiji chochote cha Mkalama, kitahitaji bajeti ya kupima floraidi mara kwa mara kwa muda wote ambao chujio litatumika, daftari lenye tarehe, idadi ya lita zilizopita na kipimo kilichopatikana, fundi anayejua siku ya kubadilisha malighafi, na shimo lililo mbali na kisima kwa ajili ya malighafi iliyotumika. Gharama ya mambo hayo manne ndiyo inayofaa kuulizwa na mkutano wa kijiji mapema, kabla ya kuuliza bei ya chujio lenyewe.